Maelezo ya Shahidi wa Pili

Chumbani kwangu,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti halikusumbui tena kama mwezi uliopita, na shemeji ameshapona yale mafua yake yasiyokwisha. Wanangu nao hawajambo? Yule mkubwa ameacha kulala na begi la shule mgongoni? Na mdogo, bado anakula chaki? Nawawaza sana. Mimi huku mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Ukinikuta barabarani utasema sina neno.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimeona umepiga, dada. Umepiga mara nyingi wiki hii na sikupokea hata moja. Si kwamba kazi zilinizidi. Ni kwamba nakujua, na mimi najijua. Kwenye simu nikianza kusema utalia, na wewe ukilia mimi hunyamaza, halafu naishia kukubembeleza wewe kwa jambo lililonipata mimi. Karatasi hailii. Basi tafuta mahali ukae, kama kuna mteja chini ya draya ya kukaushia nywele mwambie avumilie, unisome mpaka mwisho.

Nianze na habari ya viza, maana wewe umezipata vipande vipande. Unajua jinsi barua ya chuo ilivyotufurahisha karakana nzima. Miaka miwili ya kusomea miguu ya bandia ya watoto. Hapa kwetu mtu mzima tunamtengenezea mguu anaondoka anatembea, lakini mtoto tunambahatisha, kwa sababu mtoto anakua na mguu haukui. Kuna msichana wa miaka saba amesharudi kwetu mara tatu mwaka huu, kila mara kigutu kimechubuka, kila mara tunachonga, tunabandika sponji, tunamwambia avumilie. Mimi ndiye niliyechaguliwa niende kujifunza namna ya kutomwambia avumilie. Siku barua ilipofika fundi mkuu wetu, ambaye yeye mwenyewe mguu wa kushoto ni kazi ya mikono yake, alicheza mpaka skrubu ya goti ikalegea, ikabidi tumlaze juu ya meza ya plasta tumkaze. Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia.

Kisha zikaja fomu. Nilizijaza mezani hapa hapa ninapoandikia sasa. Jina, kuzaliwa, wazazi, shule, yote sawa, mpaka nikafika ukurasa wa sita. Waliuliza: je, umewahi kushtakiwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata liwe dogo? Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na nafasi ya kueleza. Kalamu ilisimama. Nikakupigia wewe.

Sina haja ya kukukumbusha ulivyosema, lakini nitakukumbusha. Ulisema niandike Hapana. Ulisema lile halikuwa kosa, lilikuwa jambo la nyaya tu. Ulisema mahakama ilishahama jengo na majalada ya zamani yameliwa na panya. Nilipotaja kwamba wataomba hati ya tabia njema kutoka polisi, ulicheka ukasema polisi wanatafuta majambazi, hawatafuti wasusi. Mwisho ukaniuliza, “Unataka kujichongea mwenyewe, mdogo wangu?” Nikaandika Hapana. Hilo nalikiri, dada, na sitalitupa kwako. Mdomo ulikuwa wako lakini mkono ulikuwa wangu, na mimi si mtoto.

Nilichukuliwa alama za vidole, vyote kumi, na hati ikapelekwa na polisi wenyewe moja kwa moja kwenye ofisi ya viza, imefungwa. Sikuiona. Niliiona siku ya mahojiano.

Aliyenihoji ni mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa mkali hata kidogo, na afadhali angekuwa mkali. Alinikaribisha, akaniuliza kuhusu miguu ya watoto, akasikiliza kwa makini kweli kweli, nami nikawa najiona nimeshapanda ndege. Halafu akaziweka karatasi mbili juu ya meza, ukurasa wangu wa sita na hati ya polisi, akazisogeza mpaka zikagusana. Kwenye hati kulikuwa na mstari mmoja: amewahi kupatikana na hatia ya kutumia umeme bila kupitia mita, akatozwa faini. Akaniuliza, “Kati ya hizi mbili, ipi ni yako?”

Nikasema zote. Nikajikanyaga, nikasema nilidhani limepitwa na wakati, nikasema nilikuwa mwanafunzi, nikasema nilishauriwa. Alinyanyua mkono taratibu. Maneno aliyoniambia nimeyashika kama yalivyo. “Binti, makosa kama haya tunayaona kila wiki. Ungeandika ndiyo, ukaeleza kwa mistari mitatu, ukaambatanisha hukumu, pengine sasa hivi tungekuwa tunazungumzia tarehe yako ya kusafiri. Sasa sizungumzi na mtu aliyeiba umeme. Nazungumza na mtu aliyenidanganya.”

Barua ya kukataliwa ilinifikia baada ya siku tisa. Kosa lenyewe halikutajwa kabisa kama sababu. Sababu ilikuwa kutoa taarifa za uongo.

Nilipokuambia, ulinipa pole mpaka nikajiona nimefiwa. Ukasema Mungu hakupenda, niombe mwakani, niombe nchi nyingine. Lakini fundi mkuu hakutaka kusikia habari ya mwakani. Alinishika mkono akanipeleka kwa wakili mmoja mwanamke ambaye mama yake tulimtengenezea mguu. Wakili akasema kuna nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku thelathini, ila niende mikono ikiwa wazi: nikiri uongo wangu kwa maandishi, na nipeleke nakala ya jalada lote la kesi lenye muhuri wa mahakama, ili waone kosa lilikuwa dogo kiasi gani na mimi nilikuwa nani wakati ule.

Nilikuambia naenda kulitafuta jalada. Siku hiyo ulinipigia mara tatu, wewe ambaye kwa kawaida tunasikizana mwanzo wa mwezi. Mara ya kwanza ulisema nitajichosha. Mara ya pili ukasema makarani watanizungusha na kunidai cha juu. Mara ya tatu ukasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, “Achana nalo hilo jalada, nakuomba.” Nami, mjinga wako, nikakata simu nikamwambia fundi mkuu kwamba dada yangu ananionea huruma mno, hapendi nikumbuke machungu.

Machungu yenyewe tuliyapata pamoja, sivyo? Acha niyaeleze nilivyoyajua mimi miaka hii yote, ili uone nilikuwa nimesimama wapi.

Tulikuwa tunapanga kwa Mzee Notisi, mwenye nyumba tuliyempa jina hilo kwa kubandika matangazo kila ukuta, wewe na mimi, chumba cha mbele saluni yako, cha nyuma tunalala. Mimi nasoma chuo cha afya, wewe ndiye unayenilisha. Wewe ulimleta yule fundi tuliyemwita Shoti, kwa kuwa kila alipopita mahali taa zilizimika. Alipitisha waya mbili juu ya dari, zikairuka mita, zikashuka mpaka kwenye draya zako. Mimi nilijua. Nilimshikia ngazi. Na usiku wa mitihani nilisoma kwa mwanga ule ule, kwa hiyo sijisafishi. Wakaguzi walipokuja wewe ulikuwa umetoka kununua dawa za nywele, mimi nimevaa aproni yako, namalizia kichwa cha mteja. Waliona waya, wakauliza nani mwenyewe. Nikanyamaza. Mteja akatimua mbio na nywele nusu mbichi, mimi nikapandishwa gari na ile aproni.

Kituoni waliniuliza nani aliunganisha. Nilisema sijui. Wakaniuliza saluni ni ya nani, nikasema sijui, jambo la kuchekesha kwa mtu aliyekamatwa na kitana mkononi. Lakini nilijiapiza: wewe hawatakupata kwangu. Ulikuwa na mimba ya miezi minne, shemeji ameshaleta posa, na Baba ameshawaambia ndugu. Kesho yake afande akaniambia kwamba nisijisumbue kukana, kuna watu wa nyumba ile ile wameshanitaja mimi. Nikakuuliza wewe ni nani huyo. Ulinijibu bila kupepesa kwamba ni Mzee Notisi. Ukasema mzee yule ametuchoka, anataka vyumba vyake.

Na ni wewe uliyenishauri nikubali kosa. Ulisema nikikana kesi itavutwa, nitakosa mitihani, na mwishowe watamfikia hata mwenye saluni. Nikasimama mbele ya hakimu nikasema ni kweli. Kwa kuwa nilikubali, hakuna shahidi aliyeitwa, hakuna karatasi iliyosomwa. Faini ukalipa wewe, tukatoka tumeshikana mikono, ukalia njia nzima. Nilikuambia usilie. Moyoni, dada, nilikuwa na furaha. Nisikufiche. Nilijiona mkubwa. Wewe uliacha shule ili mimi nisome, na siku ile nilihisi nimekulipa.

Gharama yake nilikuja kuiona nyumbani. Baba hakunisemesha kwa karibu mwaka mzima. Aliporudi kunisemesha, kila nilipowasha taa aliuliza kama umeme huo umelipiwa, halafu anacheka peke yake. Na lilikuwepo neno jingine alilolirudia, kwamba nijihadhari na mafundi, kwamba mwanamume anayekuunganishia waya leo kesho atakuunganishia balaa. Nilikuwa najiuliza mzee huyu kaitoa wapi habari ya mimi na fundi. Shoti? Mwenye meno matatu na wake wawili? Nilidhani ni uzee. Nikameza. Kila nilipotaka kumwambia kweli nilimwona mwanao wa kwanza amelala mapajani pake, nikasema haina haja.

Na Mzee Notisi nilimchukia. Nilimchukia kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ya mshahara. Nikikutana naye nilivuka upande wa pili. Akinisalimu nilimpa kisogo. Mwaka juzi alikuja karakana na mkewe, bibi kapooza mguu, anahitaji chuma cha kumsimamisha. Niliwaona dirishani, nikajificha nyuma ya pazia la chumba cha plasta, nikamsukumia mwenzangu ile kazi. Mwenzangu alikuwa ameanza kazi mwezi ule. Chuma alichompimia bibi kilikuwa kifupi kwa nusu inchi, na nilikiona, na sikusema kitu.

Sasa turudi mahakamani. Karani wa masijala alinizungusha kweli, hapo hukukosea, ingawa hakunidai chochote. Alikuwa mtu wa kupiga chafya, anafunika pua kwa leso, na kila nilipokwenda alisema bado wanahamisha makabati. Mara ya nne aliniambia nimfuate. Tuliingia chumba cha viti vibovu, akapanda juu ya meza, akashusha boksi lililofungwa kamba. Panya hawakuwa wamekula kitu. Jalada langu lilikuwa jembamba kama daftari la darasa la kwanza. Alinipigia nakala, akagonga muhuri kila ukurasa, akaniambia kwa utani kwamba kesi yangu ni ndogo hivi kwamba ameona haya kuisumbulia wino. Nikatoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini nikaanza kusoma.

Kulikuwa na hati ya mashtaka, maelezo ya mkaguzi, maelezo yangu ya “sijui, sijui”, na kukubali kwangu kosa. Na kulikuwa na maelezo ya mashahidi wawili wa nyumba ile.

Shahidi wa kwanza alikuwa Mzee Notisi. Nilianza kuyasoma huku nimekaza meno. Dada, yule mzee alinitetea. Alikwenda kituoni mwenyewe, hakuitwa. Alieleza kwamba binti huyu ni mwanafunzi, hutoka asubuhi na vitabu hurudi jioni na vitabu, saluni si yake, hana uwezo wa kumlipa fundi wa aina yoyote, na kama kuna wa kuulizwa ni yeye mwenye nyumba ambaye hakukagua dari yake. Aliomba aandikwe yeye awe mdhamini wangu. Chini aliweka sahihi yake ile kubwa ya kwenye matangazo yake ya ukutani.

Nilisoma mara mbili. Nikafungua ukurasa unaofuata, shahidi wa pili, nikasoma hayo pia. Kisha nikakunja karatasi zote nikaondoka bila kumuaga karani. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Mzee Notisi.

Bado anakaa pale pale, na matangazo yameongezeka. Kwenye geti imeandikwa bisha mara moja, wazee si viziwi. Nilibisha mara moja. Alinifungulia mwenyewe, amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Nilipiga magoti pale pale mlangoni, na hodi yenyewe hajaijibu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa miaka sita ya salamu zake nilizozipa kisogo. Alininyanyua akasema, “Mwanangu, mimi nilidhani unaona haya. Nikasema aone haya tu, zitaisha.”

Tulikaa sebuleni na mkewe. Nikapiga magoti mara ya pili kumtazama bibi mguu, na chuma kilikuwa kimemla ngozi pale juu ya kifundo. Jana nimemtengenezea kingine. Bibi hakuuliza kwa nini sasa. Alisema tu kwamba mikono yangu ni mizuri.

Mzee ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Alisema alikwenda mahakamani siku ya kesi akakuta imekwisha. Alisema alitaka kuja kunipa pole, lakini wewe ulimwendea kabla hatujahama, ukamwomba kwa upole sana asinisalimie kwa muda, kwa sababu kila nikimwona nakumbuka mahabusu. Akaona ni maneno ya busara. Baadaye alianza tena kunisalimu akidhani muda umetosha, nami nikawa nampa mgongo. “Dada yako alikupenda sana,” akaniambia. Nikasema ndiyo, baba.

Kwa maana shahidi wa pili ni wewe.

Naandika sentensi hiyo kwa mara ya tano, nne nimezichana. Maelezo yako yana ukurasa mmoja na nusu. Niliujua mwandiko wa sahihi kabla sijasoma jina, ule mkia unaouvuta chini kama unashona. Umeeleza kwamba saluni ni yako lakini waya huzijui. Umeeleza kwamba mdogo wako ndiye aliyemleta fundi ukiwa haupo, kwamba fundi huyo ni rafiki yake wa kiume, kwamba ulishamkanya hasikii. Umeandika, “Mimi ninamlea tu, tabia yake siwezi kuijibia.” Na muda umeandikwa pembeni kwa kalamu ya afande: saa tisa alasiri.

Saa tisa, dada. Siku ile ile niliyokamatwa. Saa kumi uliniletea sweta yako ya kijivu na chupa ya chai, ukaupenyeza mkono kwenye nondo ukanipapasa kichwa, ukaniambia nisiogope, tuko pamoja. Ulikuwa umetoka chumba cha tatu kutoka hapo. Wino wa sahihi yako pengine haujakauka. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nakuficha, na wewe ulikuwa umeshanitaja.

Nimejaribu kukutetea. Nimekaa na karatasi hizi siku kumi na mbili, nikakutafutia sababu kama mtu anayetafuta funguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ulikuwa na mimba. Uliogopa shemeji atavunja posa. Uliogopa kuzalia jela. Zote ni sababu za kweli na kila moja inanitosha. Ungekuja kwenye zile nondo ukaniambia, mdogo wangu, nimekwama, nibebee hili, ningemwita afande pale pale nikamwambia mimi ndiye, andika. Hilo ndilo linalonikata. Miaka sita nilijivuna kimya kimya kwamba nilikupa kitu kikubwa. Kumbe hukungoja kupewa. Ulishachukua, halafu ukaniacha niendelee kudhani nimetoa.

Na haya ya juzi je? Ya miaka ile ulikuwa na hofu, ulikuwa msichana. Lakini mwaka huu, nilipokupigia na kalamu mkononi, ulikuwa mama mwenye nyumba yake, wateja wake, hakuna afande mlangoni. Ulijua kwamba nikiandika Ndiyo nitalihitaji jalada, na nikilipata jalada nitakusoma. Ukaniambia niandike Hapana. Uliangalia siri yako, ukaangalia masomo yangu, ukapima, ukachagua. Hilo sijalipatia sababu. Kama unayo niambie, maana mimi nimeishiwa.

Jalada nililipeleka pamoja na kukiri kwangu, na jibu la ombi hilo la pili lilikuja Jumanne. Wameshukuru kwa kusema ukweli, wamekubali kwamba kosa la umeme lilikuwa dogo, lakini uamuzi wao haubadiliki: fomu ilisema uongo. Hawakunifungia mlango moja kwa moja. Naweza kuomba upya mwakani. Chuo hakiwezi kuningoja, nafasi amepewa mwingine. Fundi mkuu alisoma barua ile, akaikunja, akaenda kuchonga mbao mpaka jioni. Yule msichana wa miaka saba anakuja Alhamisi. Nitambandikia sponji.

Mwakani nitaomba tena, nikipata chuo cha kunipokea. Safari hii ukurasa wa sita nitatia alama kwenye Ndiyo, na kwenye nafasi ya maelezo nitaeleza yote, pamoja na nani alimleta fundi na nani alisema nini saa tisa alasiri. Wakili anasema ukiapa kwa maandishi kwamba maelezo yako hayakuwa kweli, mahakama inaweza hata kuombwa kuifuta ile hatia. Nimekuwekea ndani ya bahasha karatasi aliyoiandaa, pamoja na nakala ya maelezo yako, usije ukasema nimetia chumvi. Kutia sahihi au kutotia ni juu yako. Sikubembelezi, na wala sitakupigia kukuuliza.

Limebaki moja. Barua hii imekufikia kwa mkono wa Baba. Nilimpa asubuhi ya safari, nimeifunga kwa gundi, nikamwambia ni mambo yetu wasichana, akaiweka mfuko wa ndani wa koti akaibana na pini ili isianguke. Hajui kilichomo. Sasa hivi pengine amekaa hapo sebuleni kwako, amevua viatu, wanao wamemkalia magotini, anakungoja umalize kusoma umwambie mdogo wako amesema nini.

Mwambie, dada. Mimi sikumwambia kwa miaka sita kwa ajili yako, na leo pia sikumwambia, kwa sababu nataka alisikie kutoka mdomo ule ule ulioanza uongo. Anarudi huku mwisho wa wiki. Akishuka kwenye basi nitamtazama usoni, nami nitajua kama nina dada au sina.

Nisalimie shemeji, mwambie mafua aache kuyatibu kwa kahawa. Wanangu wabusu mashavuni, mkubwa kwanza maana ana wivu. Waambie mama mdogo wao hajambo na anawapenda, na hilo halitabadilika kwa lolote. Baba umlaze mapema, na dawa yake ya presha anywe baada ya kula, si kabla. Wewe mwenyewe uangalie hilo goti.

Ni mimi,
mdogo wako.